Tuisheni ya Magongo

Leo ni michezo, ila matokeo sitasoma.

Huenda karatasi moja imekwisha kuingia nyumbani kwako, ama ndani ya shajara ya mtoto, ama kwenye simu, katika kundi la wazazi wa darasa lake. Inatangaza mafunzo ya mpira wa magongo, Jumamosi asubuhi, kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Mkufunzi aliwahi kuvaa jezi ya taifa. Makundi ni madogo. Anayetaka zaidi anaweza kulipia saa ya mtoto na mkufunzi, wawili tu ugani. Chini kabisa, kwa herufi zilizokozwa, ada ya muhula na ada ya saa. Mtoto ameshaanza kuuliza gongo lake litakuwa la rangi gani. Mama anamtazama baba, baba anaitazama bei.

Sisi Wakenya biashara hii tunaijua kwa jina jingine. Ni tuisheni. Tumeilipia kwa hisabati, tumeilipia kwa fizikia, kwa piano, kwa kuogelea, na sasa imefika kwenye magongo. Wala siidharau. Mtoto aliyekwama kwenye desimali mwalimu mtulivu anaweza kumkwamua kwa jioni mbili tatu. Ninachotaka kujua ni kama mpira wa magongo ni somo la namna hiyo. Na hapo itabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu mji wa Nairobi uliwahi kulea watoto wa magongo kwa fedha za watu binafsi, ukawalea hadi wakakosa medali ya dunia kwa bao moja.

Mwaka 1971 lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu, Barcelona, Uhispania. Kenya ilifika nusu fainali. Wenyeji wakaifunga 1 kwa 0, kisha katika mechi ya kuamua nafasi ya tatu India ikaipiga 2 kwa 1. Nafasi ya nne duniani, msikilizaji, na walioko juu yako ni Pakistan, Uhispania na India. Miaka 7 kabla ya hapo, Tokyo 1964, Kenya ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka wa uhuru ilimaliza ya sita kwenye Olimpiki. Na hatukuwa peke yetu katika kanda hii. Uganda ilikwenda Munich mwaka 1972 ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Ujerumani Magharibi, na Wajerumani hao ndio waliorudi nyumbani na dhahabu.

Beki na nahodha wa enzi hizo alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tari. Alicheza Olimpiki 4 mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, na 3 kati ya hizo akiwa nahodha. Ukitazama orodha ya wenzake utakuta Singh wengi na Fernandes wengi, na hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Timu ile ilitoka hasa katika jamii mbili, Masingasinga na Wagoa, na katika klabu zao: Sikh Union, Goan Gymkhana, Railway Goan Institute. Ilitoka pia katika shule ya Wagoa pale Parklands, Dr. Ribeiro, iliyotoa wachezaji wa Olimpiki mmoja baada ya mwingine. Huyo Ribeiro aliyepewa heshima ya jina la shule alikuwa daktari Mgoa wa Nairobi ya mwanzo wa karne ya 20, na alikuwa akienda kuwaona wagonjwa wake amepanda punda milia. Halina uhusiano na magongo hilo, lakini sikuweza kulipita.

Sasa, fedha za klabu zile zilikuwa za nani? Za wanachama. Karani wa reli, mwenye duka la vitambaa, fundi wa karakana, mwalimu. Walilipa ada yao, na ada ile ikanunua nini? Uga. Ikanunua nyasi, ikamlipa mtu wa kuzikata na kuchora mistari ya chokaa, ikajenga kibanda cha kubadilishia nguo na kaunta ya chai. Mtoto wa mwanachama hakununuliwa saa ya mtu yeyote. Aliingia saa kumi baada ya shule akatoka kiza kinapoingia, na katikati ya hapo alicheza na wenzake, akawachezea wakubwa waliopungukiwa na mtu, akafokewa, akaokota mipira iliyopotea uani, akamtazama mchezaji wa timu ya taifa akifanya kwa mazoea jambo ambalo yeye alikuwa akilijaribu kwa wiki nzima. Mafunzo yalikuwepo, na walimu walikuwepo. Lakini mwalimu alikuwa sehemu ndogo tu ya yale masaa.

Hapo nisije nikaipaka rangi enzi ile. Uga ule ulikuwa na ua, na ua ule ulikuwa wa rangi na wa dini. Katika Kenya ya mkoloni, Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia zao, Waafrika zao, na magongo yalibaki kwa hao wawili wa kwanza. Mtoto wa Pumwani aliyeishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye nyasi zile hakuwa na njia ya kuzikanyaga, isipokuwa kama mzazi wake ndiye aliyekuwa akizikata. Fedha za binafsi hununua kitu kizuri, halafu hukifungia mlango. Kwa hiyo nikisema klabu zile zilikuwa na busara, nasema busara ya namna ya kutumia fedha. Ya kumkaribisha jirani haikuwepo.

Mfereji ule wa wachezaji ulikatika kwa muda mfupi. Mwaka 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na Waasia wengi wasiokuwa na uraia wa Kenya wakafunga virago, wakaenda Uingereza, wakaenda Kanada, na wachezaji na walezi wa wachezaji wakawa miongoni mwao. Kisha ukaja mwaka 1976. Kenya iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi wa haki. Lakini angalia bahati yetu: Montreal ndiko Olimpiki ilikochezea magongo kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Mchezo ulibadilika mwaka ule ule tuliobaki nyumbani. Mpira juu ya zulia haurukiruki kama juu ya nyasi za kweli, unakimbia, na unamtaka mchezaji mwenye mapafu na kasi kuliko mwenye vidole vya kichawi. Moscow 1980 pia hatukwenda. Sisi tulipata zulia letu City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na kwa kweli tukachukua dhahabu pale pale nyumbani, kisha Seoul 1988. Tangu Seoul, timu ya taifa ya wanaume haijarudi Olimpiki.

Ila magongo hayakufa, na hili linasahaulika sana na watu wa Nairobi. Yalihamia shule za bweni, hasa magharibi ya nchi. Ukisema magongo ya wavulana leo, unasema Friends School Kamusinga, unasema St. Anthony's ya Kitale, unasema Musingu kule Kakamega. Kwa wasichana, Tigoi ya Vihiga, Sinyolo ya Kisumu, na pwani wapo St. John's Kaloleni, Kilifi. Kutoka kwenye mabweni hayo ndiko vyuo vikuu kama Strathmore na USIU vinakovuna, na ndiko timu ya Telkom, inayojulikana sasa kama Blazers, ilikopata vipusa walioliinua taji la klabu bingwa barani Afrika mara nyingi kuliko tunavyokumbuka kuwapongeza. Wengi wa wasichana hao hawakulipiwa hata senti moja ya mkufunzi wa binafsi. Walikuta gongo shuleni wakiwa na miaka 14, gongo la shule, lenye mpini uliofungwa utepe mara ya tatu.

Waliwezaje kuanza na miaka 14 na kufika huko? Kwa sababu shule ya bweni, kwa ubaya wake wote na uji wake wote, ilikuwa na kitu kile kile walichokuwa nacho watoto wa Sikh Union. Uga uko pale, saa kumi kengele inalia, wenzako wako pale, hakuna matatu ya kuwahi, na mambo hayo yanajirudia kesho na kesho kutwa, kwa miaka 4. Mwalimu wa michezo mara nyingi alikuwa mwalimu wa historia mwenye filimbi. Masaa ndiyo yaliyofundisha.

Na sasa nifike kwenye sababu ya hii karatasi yetu ya Jumamosi kuonekana hivi karibuni. Mtaala umebadilika. Chini ya Mtaala wa Umilisi, mtoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 yuko sekondari ya chini, na sekondari ya chini imewekwa ndani ya shule za msingi. Shule nyingi za msingi mjini uga wake ni vumbi na mlingoti wa bendera. Miaka ambayo zamani mtoto alianza kulala bwenini na kugusa gongo, sasa yuko kutwa, na jioni amepanda basi kwenda nyumbani. Anaingia shule ya upili ya juu Gredi ya 10, kundi la kwanza likiwa la mwaka 2026, na anakaa miaka 3 badala ya 4. Wakati huo huo wizara inamwambia kuna mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ambao anaweza kuuchagua. Mzazi akisikia hivyo anajiuliza, mwanangu atauchagua vipi mkondo wa michezo ikiwa hajawahi kucheza? Ndipo mfuko unapofunguka. Siwalaumu wazazi. Kuna pengo, na aliyewahi kuchezea taifa, ambaye kwa magongo ya Kenya hakutajirika, ameliona pengo hilo akaleta koni zake na filimbi yake.

Basi tumwangalie kazini. Saa moja ya mkufunzi na mtoto inaweza kufanya nini?

Inaweza kufanya mambo mazuri sana, nami nitayataja kwa haki. Gongo la hoki lina uso mmoja bapa tu, upande wa kushoto. Upande wa pili umevimba, na sheria inakataza kuugusia mpira. Gongo la mtu wa shoto halipo. Kila mchezaji duniani anashika namna moja, mkono wa kushoto juu kabisa ya mpini, wa kulia chini. Na ule wa kushoto ndio unaozungusha gongo, wakati wa kulia unalegea ili mpini uzunguke ndani ya vidole. Mtoto asiyeelekezwa hufanya kinyume. Anakaza mkono wa kulia kama anayefagia uwanja, gongo halizunguki, na kila mpira unaokuja upande wa kushoto wa mwili wake unampita. Kosa hilo likikaa miaka miwili, kulitoa ni kazi. Mkufunzi mmoja mwenye jicho, akiwa karibu, analiona kwa dakika tano. Kadhalika macho: mtoto anayejifunza peke yake hukokota mpira akiutazama mpira, na kichwa hakiinuki hadi agongane na mtu. Hilo nalo hurekebishwa na mtu aliyesimama mbele yako akikuonyesha vidole na kukuuliza ni vingapi.

Kipa naye anahitaji mtu wake. Katika mazoezi ya timu kipa husahauliwa kona akipigwa mipira ya gramu 160, migumu kama jiwe la mtoni, na kuambiwa aruke. Mlinda lango akipata mkufunzi wa kulipia, hela hiyo haijapotea.

Halafu kuna penalti kona, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo biashara yenyewe ilipo. Katika penalti kona, ukiupiga mpira kwa kishindo mara ya kwanza kuelekea goli, hauruhusiwi kuvuka mstari ukiwa juu ya milimita 460, ambao ndio urefu wa ubao wa chini ya lango. Lakini ukiuburuta kwa gongo, ukaubeba hatua moja na kuurusha bila kuupiga, kikomo hicho hakipo. Unaweza kuupeleka kwenye pembe ya juu. Mbinu hiyo ndiyo iliyompa Sohail Abbas wa Pakistan sehemu kubwa ya mabao yake 348 ya kimataifa. Ni mbinu ya mtu mmoja, inarudiwa rudiwa, inapendeza kwenye video ya simu, na kwa hiyo inauzika. Mtoto wa miaka 11 anaomba afundishwe. Mkufunzi mwaminifu atamwambia asubiri, kwa sababu katika kitendo kile mwili wote hujipinda kiunoni, mguu wa mbele umetupwa mbali na mgongo umeinama, na mifupa ya miaka 11 haijakomaa kwa kupindwa mara 80 kila Jumamosi. Mkufunzi anayetaka mteja arudi hatasema hivyo. Ukitaka kumjua mkufunzi wako, muulize kuhusu mburuto huo na usikilize jibu.

Haya, saa hiyo moja haiwezi nini? Haiwezi mchezo. Uga ni mita 91.4 kwa 55, watu ni 11 kila upande, na tangu sheria ya kuotea ifutwe katika miaka ya tisini mshambulizi anaweza kukusubiri popote. Ukiwa na mpira una pumzi moja ya kuamua: nimpe wa pembeni, nimrudishie beki, au nimpige huyu chenga? Koni haikukimbilii. Koni haina mguu wa kulia dhaifu ambao unaweza kuutumia. Nimewatazama watoto waliofundishwa peke yao kwa mwaka mzima wakiingia mechi yao ya kwanza, na wanapendeza mno kwa dakika tatu. Wanakokota mpira kama wametolewa kwenye televisheni. Kisha unaona hawatoi pasi. Hawamwoni mwenzao kwa sababu katika mwaka mzima hakukuwa na mwenzao. Hapo ndipo tuisheni ya hisabati na tuisheni ya magongo zinapoachana: mtihani wa hisabati mtoto anaufanya peke yake.

Waholanzi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakubwa wa mchezo huu, wana chama chenye wanachama takriban robo milioni katika nchi ndogo kuliko Kaunti ya Turkana. Hawaanzi na watu 11. Mtoto mdogo anacheza watatu kwa watatu, bila kipa, kwenye kipande cha uga. Akikua wanakuwa sita kwa sita, halafu wanane kwa wanane, ndipo 11. Hesabu yake ni rahisi: mkiwa sita tu na mpira mmoja, huwezi kujificha. Utaugusa mpira upende usipende, na kila ukiugusa kuna anayekuja kukunyang'anya. Ndiyo maana mimi sikuicheka ile hoki ya watu watano kwa watano ilipochezewa Kombe la Dunia la kwanza kule Muscat, Oman, Januari 2024, Kenya ikiwemo. Wakongwe walinuna, wakasema huo si mchezo wao. Kwa wakubwa sina neno. Kwa watoto wa shule ya msingi yenye uga wa vumbi wa nusu ukubwa, ni zawadi.

Kuna jambo jingine linalouzwa kwenye karatasi zile, na hili silipendi. Ni neno kipaji. Mtoto anafika, anatazamwa Jumamosi mbili, anaambiwa ana kipaji, anahamishiwa kundi la wateule, na ada inapanda. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walichunguza hoki ya barafu nchini Kanada, binamu wa mchezo wetu, wakakuta kwamba katika ligi za juu za vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Januari haizai vipaji. Kikomo cha umri kilikuwa tarehe mosi Januari, kwa hiyo mtoto wa Januari alikuwa na karibu mwaka mzima wa mwili zaidi ya yule wa Desemba aliyepangwa pamoja naye. Mkubwa akaonekana hodari, akachaguliwa, akapewa makocha bora na mechi zaidi, na baada ya miaka kadhaa akawa hodari kweli. Mwenye kuchagua watoto wa miaka 9 mara nyingi anachagua tarehe za kuzaliwa. Ukiambiwa wako ameteuliwa, furahi naye, lakini usiongeze hela. Ukiambiwa hajateuliwa, mwulize mwezi wake.

Na kabla sijasahau, mambo ya usalama, kwa ufupi maana hayana mjadala. Kinga ya meno na vikinga vya ugoko ni vya siku ya kwanza. Gongo lisiwe refu; tutanunua moja litakalomfaa hadi Gredi ya 8, ndivyo tunavyosema, na mtoto anajifunza vibaya kwa miaka mitatu kwa sababu ya ubahili wetu. Na saa ya mtoto na mtu mzima peke yao iwe mahali pa wazi, mzazi au mlezi akiwepo au akiweza kutokea wakati wowote bila kubisha. Mkufunzi mwenye cheti na adabu ya kazi hataudhika. Akiudhika, umeokoa ada.

Kwa hiyo nimlipe au nisimlipe? Ndilo swali lililoko kwenye simu zenu hapa, tayari naona ujumbe unaingia. Mimi ningelipa, lakini si kwa namna ilivyoandikwa kwenye karatasi. Tuseme ninyi ni familia 12 katika mtaa mmoja, au katika shule moja, na kila moja ilikuwa tayari kulipa saa ya binafsi kila wiki. Wekeni fedha hizo pamoja. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, mwombeni uga kwa siku tatu za wiki, saa kumi hadi saa kumi na mbili, na mlipe kitu kidogo cha kutunza nyasi, kwa risiti, kupitia kamati ya shule. Mchukueni yule yule mkufunzi wa kwenye karatasi. Anastahili kulipwa vizuri. Lakini mlipeni alee kundi, na katika zile saa mbili dakika 20 tu ziwe za mafunzo ya mstari na koni. Zilizobaki ni mechi ndogo, wanne kwa wanne, wakubwa wachanganywe na wadogo, wasichana na wavulana. Anayehitaji kurekebishwa mkono avutwe pembeni kwa dakika tano kisha arudishwe.

Na kwa kuwa uga ni wa shule, watoto wa shule ile wacheze. Wote wanaotaka, waliolipa na wasiolipa. Hapa najua baadhi yenu mmekunja uso. Mtaniuliza kwa nini wewe ulipe na wa jirani acheze bure. Nitakujibu kwa hesabu, maana kwa maadili mtanichoka. Mtoto wako hawezi kucheza wanne kwa wanne na pochi yako. Anahitaji wengine saba, wa kila aina: mwepesi kuliko yeye, mkali kuliko yeye, mjanja asiyejua sheria. Watoto 12 wa familia 12 wanaofanana watajuana chenga zao zote kabla ya Pasaka. Klabu za zamani zilijifungia, na walio ndani walipohama, wa kuendeleza hawakuwepo nje ya ua. Magongo yakalazimika kuanza upya Kakamega na Kitale, na watu wengine kabisa.

Vifaa ndiyo shida ya kweli, na nisiifanye ndogo. Magongo mengi yanayouzwa duniani hutoka Sialkot, Pakistan, na Jalandhar, India, na yakifika hapa bei yake si ya mtoto wa vumbini. Lakini gongo la mtoto halivunjiki haraka, na watoto hukua haraka. Kila nyumba iliyowahi kununua moja ina jingine fupi nyuma ya mlango ambalo halitumiki tena. Klabu za ligi kuu zina magongo ya zamani yaliyochanika kidogo chini, yasiyofaa tena kwa mechi za ligi lakini yakikatwa na kufungwa utepe yanamtosha mtoto wa miaka 10. Wekeni sanduku shuleni, lenye kufuli, na mtu mmoja mwenye daftari la nani kachukua lipi na karudisha lini. Mpeni daftari hilo mtoto wa Gredi ya 8 asiyependa kucheza. Yupo kila shule, na mara nyingi ndiye anayejua matokeo yote ya ligi.

Muda wangu umekwisha. Fundi mitambo ananionyesha saa. Simu zetu ziko wazi kwa nusu saa ijayo, na nitafurahi kuwasikia walimu wa michezo kwanza, kisha wazazi, kisha wakufunzi wenyewe, ambao bila shaka wana neno la kuniambia kuhusu zile dakika 20.